Machakos Nisikokwenda

Mwende, mamangu mdogo,

Usiucheke mwandiko. Mkono huu umezoea usukani, na kalamu ni nyembamba mno kwake. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini nimevuka mipaka mingi kuliko mwalimu wako wa jiografia, na kuna maaskari wa forodha kule Kongo ambao mpaka leo wakiniona wanasimama wima. Mama yako amepita hapa mezani, akachungulia begani pangu, akasema, "Baba Mwende, hii ni barua ama ni tangazo la biashara?" Nimemwambia aende akapange nguo zako. Amecheka, lakini macho yalikuwa mekundu. Tangu mchana anakunja sweta moja hiyo hiyo.

Mambo ya sabuni, malapa, kufuli, na kutomwazima mtu kikombe, hayo ameshakuambia mpaka kuta za ploti hii ya wapangaji zimeyakariri. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizunguka tangu Jumamosi kama mtu anayetafuta pa kuegesha trela katikati ya soko.

Ni hili la kesho asubuhi. Umemwambia mama yako unataka basi la alfajiri. Umesema unaogopa foleni. Mwanangu, foleni ni kazi yangu, na wewe hujawahi kuiogopa. Unachokimbia ni wale wasichana. Unajua watakuja saa tatu, kwa sababu ndiyo desturi ya timu yenu ya mpira: mmoja akienda shule ya bweni, wote wanafika kwao wamevaa jezi, wanakunywa chai ya mwenye nyumba mpaka sukari inaisha, halafu wanalibeba sanduku lake kwa zamu hadi stejini pa mabasi wakiimba, na magari yanawapigia honi. Wewe mwenyewe ulilibeba la Achieng'. Ulirudi bega limechubuka, ukawa unalionyesha ploti nzima kama nishani ya rais. Sasa ni zamu ya sanduku lako, nawe unataka lipite gizani kama mali ya wizi.

Na Njoki amebisha huu mlango tangu Jumapili mpaka aibu imenishika mimi. Njoki wa chini hapo, mliyejifunza naye baiskeli moja, yeye akikanyaga wewe ukining'inia nyuma. Jana nilimfungulia mimi. Akasema, "Niaje Baba Mwende, Mwende yuko?" Nikageuka, nikakuona umejifunika blanketi mpaka kichwani, saa kumi ya jioni, jua linawaka. Nikamwambia umelala. Akasema, "Bado amelala?" Akaangalia vidole vya miguu yake, akashuka ngazi polepole. Mimi hudanganya watu kazini kila siku na nalala vizuri, lakini uongo ule uliniamsha usiku.

Basi tuseme habari ya Jumamosi, maana hakuna aliyeisema humu ndani.

Wiki nzima nilikuwa nimewatangazia madereva pale yadi kwamba binti yangu anacheza fainali. Nilisema una mguu wa kushoto kama nyundo. Nilisema watu wa ng'ambo wanakuulizia. Nani anakuulizia? Hakuna. Lakini mdomo wangu hauna breki, wajua. Nikaja na wenzangu wawili, tukasimama kwenye laini, nimevaa lile shati langu la maua. Kocha Ouma akaita majina akirusha jezi moja moja, na ile namba saba yako akamrushia Njoki. Wewe ukapewa kizibao cha njano cha wale wa akiba.

Mwende, nisikilize hapa. Mimi nilikuona kabla wewe hujaniona. Ulikuwa umekaa kwenye benchi na yule kipa wa akiba, mnagawana muwa, na ulikuwa unacheka. Ulikuwa umeudhika, ndiyo, mdomo ulikuwa umevimba kidogo upande mmoja kama wa mama yako. Lakini ulicheka. Njoki alipokosa lile bao la wazi ulishika kichwa, ukaita, "Njoki, tulia! Tulia, uko peke yako!" Huyo ndiye mtoto niliyemkuta uwanjani. Mtoto aliyekosa kuchezeshwa mechi moja, anaumia kidogo, anatafuna muwa.

Halafu baba yake akafungua mdomo.

Unayakumbuka maneno, huna haja niyaandike yote. Nilianza na "Kocha, hii timu ya nani?" Nikamaliza nikiwa ndani ya uwanja, mpira umesimama, kidole changu kiko puani pa Ouma, nikimwambia nimeendesha trela hadi Lubumbashi na sijawahi kuona dereva akiacha injini yake nyumbani. Hata sikujua maana yake. Ouma alisema kwa upole, "Baba Mwende, rudi nyuma ya laini, watoto wanatuangalia." Na wale vijana waliokaa ukutani wakaanza, "Dere, piga honi! Dere, rivasi, rivasi!" Uwanja mzima ukacheka. Nikakugeukia wewe, nikidhani utakuwa umesimama upande wangu. Ulikuwa umekivuta kile kizibao cha njano mpaka kimefunika uso. Ulisema neno moja tu, polepole, "Baba." Nimeitwa baba miaka yako yote, na sijawahi kulisikia hivyo.

Timu ilishinda. Walipiga picha na kikombe chao cha bati, na wewe hukuwemo, ulikuwa umeshafika nyumbani. Tangu siku hiyo husemi na Njoki, husemi na kocha, na mimi unanijibu kama karani wa dirishani. Na mama yako umemwambia kwamba huko uendako ukiulizwa utasema hujawahi kugusa mpira.

Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha hapa na kalamu. Kwa sababu mimi niliwahi kusema uongo wa mpira, na sijamaliza kuulipa.

Babu yako Kioko unamkumbuka kwa kikohozi na kofia. Mimi namkumbuka kwa vumbi la mbao. Alikuwa mchongaji, alichonga twiga na vifaru vya kuwauzia watalii, na kifaru mwenyewe hakuwahi kumwona hata kwa mbali. Tuliishi Makadara, chumba kimoja, na vumbi lile lilikuwa kwenye chai, kwenye shuka, kwenye nyusi zake. Hakuwa mtu wa maneno. Nafikiri maneno yote ya ukoo wetu yalimruka yeye yakaja kwangu. Na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake kubwa ya kazi. Sikuwahi kumwona akiikosa Jumamosi, si kwa harusi, si kwa homa.

Nilikuwa na umri wako. Timu yetu ya mtaa ilialikwa mashindano Machakos, kwenda Jumamosi kulala Jumapili kurudi. Kwetu sisi Machakos ilikuwa kama Ulaya, tena Ulaya yenye watu wa kwetu. Kabla kocha hajachagua mtu yeyote, mimi nilikuwa nimeshajichagua. Niliwaambia wa shule, nikawaambia wa mtaani, nikaazima viatu vya mpira kwa jirani. Kibaya zaidi, nikamwambia mama, na mama akamwambia mchungaji, na Jumapili ya kabla ya safari nikasimamishwa mbele ya kanisa zima nikaombewa safari njema. Wamama walinishika kichwa. Mzee mmoja alilia.

Ijumaa jioni kocha akasoma majina. Nilisikiliza mpaka jina la mwisho, halafu nikaendelea kusikiliza baada ya jina la mwisho. Alinishika bega akasema, "Mutua, safari ijayo." Basi. Hakunitukana, hakunionea. Alikuwa na nafasi chache na vijana wengi, na wengine walikuwa wazuri kuliko mimi. Ningeenda nyumbani niseme, "Sikuchaguliwa," mama angesema pole, tungekula, na Jumatatu mtaa ungepata mtu mwingine wa kumcheka.

Lakini nimeshaombewa! Utarudije nyumbani na umeshaombewa?

Nikalala na siri yangu. Alfajiri nikachukua mfuko na viatu vya kuazima, nikaaga. Baba alikuwa amekaa kitandani akivaa soksi. Akasema, "Cheza vizuri." Nikasema, "Ndiyo baba." Nikatoka, nikashuka kwa miguu mpaka Mukuru kwa Reuben, kwa binamu yangu Nzioka aliyekuwa kibarua wa kiwanda. Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kwa hivyo Machakos ni hapa kwangu? Karibu Machakos. Hoteli yako ni hii, choo kiko nje, na ukitoka jifunike kichwa usije ukaonwa na mashabiki."

Nikakaa ndani siku zote mbili, dirisha limezibwa na gunia. Nje watoto walicheza mpira wa makaratasi mchana kutwa, na mimi nawasikia, "Pasi! Pasi! Leta!" na siwezi kutoka, kwa sababu mimi niko Machakos. Mwende, sijawahi kuutamani mpira kama siku zile, hata ule wa makaratasi. Nilikuwa nimekosa mechi za watu wakubwa, sasa nikajikosesha na za watoto.

Jumapili jioni, kabla ya kurudi, nikavipaka viatu vumbi. Nikachukua jiwe nikajikwaruza muundi wa mguu, ili nionekane nimekanyagwa. Nikaingia nyumbani nikichechemea, na hadithi tayari. Tumetolewa nusu fainali kwa njama ya refa. Mimi nimefunga mara mbili. Mama alipiga makofi. Chakula kilikuwa chai na viazi vitamu vya kuchemsha, vimepoa, vingine vimepondeka. Nikala huku nikihadithia, nikaonyesha mezani kwa viazi jinsi nilivyompita beki.

Baba alisikiliza yote. Halafu akaleta karai la maji ya chumvi, akapiga magoti, mtu mzima yule, akanisafisha kile kidonda polepole kwa kitambaa.

"Aliyekukanyaga ni beki?"

"Ni beki, baba."

"Pole."

Akanifunga kitambaa, akaenda kulala.

Miaka ikaenda. Nikajifunza magari, nikapata leseni, nikaanza safari za mbali, nikawa huyu mtu mkubwa unayemwona. Na kila nilipokuja nyumbani nilikuja na hadithi, na baba alikaa kwenye kiti chake akinisikiliza. Nilidhani ananiamini. Nilidhani mimi ni fundi.

Alipofariki wewe ulikuwa mdogo, hata shule hujaanza. Kwenye matanga alikuja yule kocha wangu wa zamani, mvi kichwa kizima. Tulikaa karibu na moto. Akasema, "Mzee wako alikuwa mtu wa ajabu. Sijasahau alivyotufuata Machakos."

Nikamwambia, "Machakos gani?"

Akanieleza. Jumamosi ile baba yangu alifunga kazi. Alivaa koti lake la kanisa, akapanda gari, akafika uwanjani na mfuko wa viazi vitamu vya moto alivyonunua njiani, kwa sababu mama alizoea kusema vijana wa mpira hushikwa na njaa. Akawapita wachezaji wote akiwaangalia nyuso. Kisha akamwendea kocha, akamuuliza Mutua yuko wapi. Kocha akamwambia, "Mzee, Mutua hakuchaguliwa. Yuko nyumbani." Baba akavua kofia. Akauliza, "Una hakika?" Halafu akasema, "Basi usimwambie nilikuja."

"Akarudi?" nikamuuliza kocha.

"Hapana. Alikaa akaangalia mechi mpaka mwisho. Aliwapigia makofi watoto wa wenyewe. Nikamwambia awape vijana vile viazi, akasema hapana, hivi ni vya Mutua."

Nilisimama pale motoni, nikaenda nyuma ya nyumba, na mama yako atakuambia hali aliyonikuta nayo. Alijua, Mwende. Aliposafisha ule muundi alijua. Hakunisuta siku ile, wala nilipooa, wala alipokuwa anaumwa na mimi nimekaa pembeni ya kitanda nikimwongopea habari za Lubumbashi. Alinisikiliza kila mara kama mara ya kwanza. Sijui alikuwa akingoja nini. Labda alingoja niseme mwenyewe, "Baba, ile Machakos sikufika." Ni maneno machache sana hayo. Ningeyasema wakati wowote, mezani, njiani, tukinyoa ndevu. Sasa nikienda kaburini kwake nayasema, lakini kaburi halisemi pole.

Kuachwa kwenye timu kuliniuma jioni moja, labda mbili. Ningekuwa nimesahau kabla ya mahindi ya mwaka ule kukomaa. Kilichobaki na mimi mpaka leo ni ule mlango niliotoka alfajiri ili nisionwe.

Na ona mwanangu nilivyo mjinga. Mtu aliyepewa baba wa namna ile, aliyekaa kimya akawapigia makofi watoto wa watu, ndiye aliyekuja kwenye mechi yako akaingia uwanjani na kidole. Nilitaka uone nipo. Ulikuwa umeshaniona. Ilitosha nikae.

Leo mchana nilienda kwa Ouma, pale anaposhona viatu karibu na kituo cha maji. Nilikuwa nimepanga hotuba. Aliponiona akasema, "Umekuja kumaliza kipindi cha pili?" Nikamwomba msamaha, kwa ufupi, na kwangu ufupi ni kazi ngumu. Nikamuuliza mtoto alikosea nini. Akasema, "Mwende? Hakukosa kitu. Siku ile nilimtaka Njoki. Siku nyingine ningemtaka yeye. Ni hivyo tu." Nikangoja aongeze. Akaendelea kuvuta uzi. Mwende, siku zote hizi humu ndani tumekuwa kama nyumba yenye msiba, na msiba wenyewe, ukiufunua, ndani kuna "ni hivyo tu."

Sisemi hakikuumi. Kilikuuma, na ile namba saba ilikuwa tamu. Sisemi pia usinikasirikie. Kasirika, nimefanya kazi ya kustahili, na hasira yako ninaibeba, mabega haya yamebeba mabaya zaidi. Ila uielekeze kwangu. Njoki usimpe, hana kosa. Alirushiwa jezi akaidaka, kama ambavyo wewe ungeidaka.

Ouma amesema watakuja kesho, hata wakikuta mlango umefungwa. Ndivyo walivyo.

Sasa mimi sitakuamulia. Nimekuamulia vya kutosha Jumamosi. Basi la alfajiri lipo, na la saa nne lipo, yote mawili nimeulizia, nafasi hazikosi siku hizi. Sijakata tiketi. Ukiamua la alfajiri, njoo uniguse mguu. Nitaamka, nitabeba mzigo wako mpaka stejini, na sitakuuliza neno, na ujue kwamba baba yako hajakukasirikia na hatakukasirikia. Wakija saa tatu nitawafungulia mimi. Safari hii sitawaambia umelala. Nitawaambia umeondoka, na nitawapa chai.

Na ukiamua kuwangoja, basi usiniguse. Niache tu. Nitakuwa nimejilaza pale nimefumba macho, nikikusikia unavyotembea huku na huku, na nikiomba, mimi ambaye siombi hovyo, kusiche upesi, ukae nasi kidogo zaidi.

Ni mimi baba yako, anayekupenda kuliko anavyojua kunyamaza,

Mutua